Mguu Wangu Ulivimba, Mkwe Akapigwa

Kama mguu wako mmoja umevimba na wa pili uko vilevile, usikubali mtu akuchue. Nimeanza na hilo kwa sababu najua wengine mtasoma mistari miwili tu kisha simu itaisha chaji. Usichuliwe, usichanjwe, usikandwe na maji ya moto. Nenda hospitali, na ukipewa dawa ya maumivu tu ukaambiwa urudi nyumbani, kaa palepale mlangoni mpaka mtu auangalie huo mguu.

Yanayofuata ni kwa wenye nafasi ya kusoma. Ni mabaya, lakini mimi niko hai, nimemaliza dripu zangu zote, na nywele zimerudi.

Naitwa Yustina. Nimezaliwa Idodi, kwenye barabara ya kwenda mbugani Ruaha, na nimeolewa Igawa, kwenye barabara kuu, ambako malori hayaishi kusimama na sisi tunaishi kwa njaa za madereva. Nina kibanda cha chakula. Mume wangu Ambakisye analima mpunga. Tuna binti mmoja, Upendo, ndiyo maana watu wananiita mama Upendo. Nyuma ya nyumba yetu, uwanja huohuo mmoja, kuna nyumba ya baba mkwe, ambaye ni mjane. Jina lake siliandiki. Sijawahi kulitamka na sitaanzia hapa.

Kuna jambo inabidi nilieleze mapema, maana bila hilo hamtaelewa damu ilimwagika kwa nini. Mume wangu ni Mnyakyusa, na kwao mke wa mtoto na baba mkwe wanaogopana. Si kuogopana kwa kutishana, ni heshima. Hamtazamani usoni, hamsemeshani, hamkai chumba kimoja. Ukimwona anakuja njiani unapinda, naye akikuona anapinda. Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini, lakini mzee wangu ni Mlutheri wa zamani aliyeshika vyote viwili, Biblia na mwiko. Nimempikia tangu niolewe, Upendo akiwa bado hajazaliwa, na mpaka leo sijui macho yake yakoje. Mboga ikiwa imemkolea, Upendo anarudi na sahani tupu na kusema, "Babu anasema leo amemkumbuka mama yake." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Kwetu hakuna mambo hayo. Baba yangu alipokuwa hai aliwatania wake za kaka zangu mpaka wanamwaga uji. Niliwahi kuwaeleza ndugu zangu habari za mkwe wangu, wakacheka, wakasema Wanyakyusa wana maringo. Asiyejua maana haambiwi maana.

Mguu ulianza wakati wa mavuno ya mpunga. Ulikuwa wa kushoto. Kwanza ulijaa kwenye kifundo, nikasema ni kusimama. Baada ya siku chache ulipanda mpaka pajani, ngozi ikavutika ikang'aa, ukawa wa moto na wenye rangi ya zambarau iliyoiva. Kandambili ilikataa kuingia. Nilikwenda kwenye zahanati moja, siitaji, nikapewa vidonge vya maumivu na ushauri wa kupunguza wali. Mimi, muuza wali.

Jirani akanipeleka kwa mama mmoja nyuma ya soko anayesifika kwa kuchua. Huyo mama ana mikono ya kupasulia kuni. Alinilaza kwenye mkeka, akanipaka mafuta ya nyonyo, akaanza kuukamua mguu kutoka chini kwenda juu, na ulipokataa kulainika alipanda juu ya paja langu kwa goti. Nililia nikiwa nimeng'ata kanga. Kanga ilichanika. "Uchafu unapanda," aliniambia akihema, "ukishapanda utatoka." Kupanda kweli ulipanda.

Kesho yake asubuhi nilikuwa uani napakua wali kutoka sufuria kubwa. Kitu kikanichoma kifuani kama mkuki ulioingia ukavunjikia ndani. Nilijaribu kuvuta pumzi, haikuja. Nilianguka juu ya sufuria, wali ukamwagika, nikaungua kiwiko na sikuhisi, maana aliyezama hajali kuwa maji ni ya moto. Moyo ulikuwa unanipiga mbavuni kwa hasira kana kwamba unataka kuvunja mlango utoke. Mume wangu alikuwa shambani, Upendo shuleni. Nikaona viatu vya mpira vimesimama karibu na uso wangu. Vilikuwa vya mzee.

Alisimama. Najua kilichokuwa kinapigana ndani yake, na simlaumu kwa kusimama. Kisha koti lake zito likanifunika kichwa na uso, kukawa giza, na mikono yake ikaingia chini yangu. Mtu aliyepita miaka sabini alimbeba mwanamke mnene kama mimi mpaka katikati ya barabara kuu, akasimama hapo. Nilisikia breki zikilia na dereva akitukana mambo ya mama wa mtu. "Tukana ukimaliza umpeleke Mbeya," mzee alimwambia. "Mtoto wa watu anakufa." Akanipandisha kwenye lori, koti likiwa usoni kwangu, akageuka upesi akatupa mgongo. Dereva alimwona. Watu wa vibandani nao walimwona.

Siku ile mzee aliniokoa, na hapohapo alijiponza.

Mbeya ilikuwa kwenye baridi yake ile ya kukata masikio. Niliwekewa hewa, nikachomwa sindano za tumboni za kuzuia damu isiendelee kuganda, asubuhi na jioni, mpaka tumbo likawa na mabaka ya bluu na njano. Damu ilikuwa imeganda mguuni, na kipande kilikatika kikapanda mapafuni. Hilo nilielewa upesi. Kilichonisumbua ni daktari aliyekuwa ananitibu, dada mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Alinikalia kitandani akaanza kuniuliza maswali kama polisi. Nilisafiri safari ndefu? Nilivunjika mfupa? Nina mimba? Natumia vidonge vya uzazi? Nilijibu hapana mpaka nikachoka.

"Basi mimi sijaridhika," alisema. "Damu haigandi bure, mama. Mara nyingine inatangulia kutuletea habari."

"Habari gani?"

"Saratani iliyojificha. Sisemi unayo. Nasema nataka kuitafuta."

Nilitaka kumzaba kofi. Nasema kweli. Mimi nimekuja na mguu, yeye ananipa jeneza. Mume wangu alikuwa ameshika kikombe cha uji. Daktari alipoondoka akasema, "Watu wa Mbeya wanapenda vipimo," na sote wawili tukajua kuwa ameogopa.

Foleni ya kipimo kikubwa cha tumbo ilikuwa ndefu. Niliikalia benchi siku kadhaa, mguu ukining'inia kama gogo. Bibi mmoja wa Rungwe, naye anangoja majibu yake, aliuangalia, akaunyanyua bila kuniomba ruhusa akauweka juu ya mapaja yake pamoja na mfuko wake wa maparachichi. "Ukining'inia utakuua," alisema, akaendelea kusinzia. Sijui jina lake. Kila siku niliyokaa kwenye benchi lile mguu wangu ulikaa kwake, na kama yuko hai Mungu ampe miguu mipya.

Mwishowe mashine ikaharibika. Nikaruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya kuzuia damu kuganda, na tarehe ya kurudi kupimwa. Daktari alinifuata mpaka getini. "Usikose hiyo tarehe," alisema. "Na usikatwe. Hata kisu cha jikoni, angalia. Ukikatwa ukiwa na dawa hizi, damu yako haitasimama upesi."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi sikuficha. Niliwaambia ndugu zangu wote kwa simu neno kwa neno alivyosema daktari, saratani na vipimo na tarehe. Kumbe wao walikuwa wameshasikia habari nyingine, ya dereva wa lori, na hiyo iliwaingia zaidi.

Kaka yangu Stani ndiye mkubwa wetu. Ana bucha Mlandege, pale Iringa mjini, na mikono yake ni minene kama mapaja ya mbuzi. Ananipenda. Naomba mlikumbuke hilo kwa sababu hata mimi kuna siku lilinitoka. Alikuja Igawa na gari aina ya Noah, na binamu zetu wawili, akanikuta nimelala uani kwenye mkeka.

"Yusta, yule mzee alikufunika uso kama maiti," alianza, hata salamu bado.

"Ni mwiko wao, kaka."

"Akakutupa kwenye lori, akageuka. Hospitali amekuja?"

"Hawezi kuja nilipolala."

"Hapo nyuma tu ndo anakaa. Amekuja kukwambia hata pole? Mtu asiye na kitu moyoni anakwepa macho ya mgonjwa?"

"Hajawahi kunitazama tangu niolewe, we Stani."

"Ehee," akasema, akiwageukia binamu kama mtu aliyeshinda kesi. "Mmesikia wenyewe. Tangu aolewe. Sasa mnaona alianza lini."

Kwa wale msiotoka kwetu, mguu mmoja ukivimba bila jeraha watu hawaulizi una ugonjwa gani. Wanauliza umekanyaga kwa nani. Wanaamini umetegewa kitu njiani, na aliyetega ni mtu wa karibu asiyeweza kukutazama. Mtu wa karibu asiyeweza kunitazama alikuwa anakaa mita chache kutoka kwenye mkeka wangu.

Walitaka kunipeleka Idodi kwa mganga. Nilikataa kwa Kiswahili, nikakataa kwa Kihehe, lugha yetu. Mume wangu akasimama katikati, akasema mgonjwa ana tarehe ya Mbeya na haendi popote. Stani alimpiga kichwa. Nilisikia pua ikivunjika. Binamu wakaninyanyua, mmoja nikamng'ata mkono mpaka nikaonja chumvi yake, wakanisukumiza ndani ya gari mlango ukiwa wazi. Kitenge kilinidondoka, kichwa wazi, mabega wazi. Kisha wakaenda nyuma wakamtoa mzee.

Walimburuta mpaka mbele ya gari. Aliinua kichwa, akaona ni nani amekaa mle ndani na yuko vipi, akafumba macho.

"Fumbua," Stani alisema. "Mtazame dada yangu umwambie ulimfanya nini."

Mzee hakufumbua. Fimbo ya kwanza ilimpata begani, ya pili mgongoni. "Mtazame!" Mtu akipigwa anajikinga kichwa, hata mtoto anajua. Yule mzee aliweka viganja juu ya macho akaacha kichwa na mbavu zipigwe. Binamu mmoja akamvuta mkono ili uso ubaki wazi, mzee akauzuia, na mkono ukavunjika kama kuni kavu. Nilisikia kutoka ndani ya gari. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka: ni heshima yangu hiyo anapigiwa, mwacheni, ni heshima yangu. Hawakusikia, au walisikia wakadhani nimelogwa hata ulimi. Akalala chini kwenye vumbi, damu ikimtoka sikioni, mkono mmoja umekaa upande usio wake, na ule mzima ukiwa bado juu ya macho.

Majirani wakaja na mapanga. Noah iliondoka mlango ukipiga huku na huku.

Nilimchukia kaka yangu njia nzima. Tulipopita Iringa mjini niliomba wanishushe, wakanipa soda. Idodi kulikuwa na joto na vumbi, na mganga alikuwa anatungoja kwa sababu alishapigiwa simu. Nilimwambia habari za vidonge. Nilimwambia alivyosema daktari, damu haitasimama. Alitabasamu, akatoa wembe kwenye karatasi yake. "Damu mbaya lazima itoke," alisema. Binamu wakanishika mikono na mguu mzima. Akanichanja pajani, gotini, kwenye shavu la mguu, chale kwa chale, akipaka dawa yake nyeusi juu.

Damu ilitoka kama maji ya mfereji. Akafurahi. Akaweka beseni. "Mnaona uchafu," aliwaambia. Beseni likaanza kujaa, godoro likalowa, nikaanza kusikia baridi katika joto lile, na midomo ikawa mizito. Damu iliyoganda mahali isipotakiwa sasa ilikataa kuganda palipohitajika. Mganga aliendelea kusema uchafu.

Stani ndiye aliyeinama. Damu haimtishi, amekua ndani yake. Alichovya kidole kwenye beseni, akakisugua, akachovya tena. "Hii haigandi," alisema taratibu. "Ya ng'ombe ingekuwa imeshaganda, hata kuchuna hujamaliza." Akamwangalia mganga. "Alikwambia. Dada alikwambia hapa, nikisikia." Kisha akampiga ngumi moja, mganga akaangukia vibuyu vyake, na sitawadanganya, ilinipa raha. Kaka akavua shati, akalifunga pajani kwangu kwa nguvu ya mchinjaji, akanibeba.

Barabara ya kutoka Idodi ni mashimo na makorongo. Alinishika miguu juu muda wote, akilia kwa sauti kama mwanamke aliyefiwa, akiniita mama. Nilimwambia nikifa amwombe mzee msamaha kwanza kabla ya kunizika. Akasema nisife. Nikamwambia aniombee kwa anayehusika.

Hospitali ya Iringa walimfokea, na walikuwa na haki. Nesi mmoja alimkabidhi kaka yangu shati lake lililojaa damu, akamwambia akalitundike buchani watu waone. Nilishonwa, nikafungwa, nikaongezewa damu. Na kwa kuwa niliwaeleza kuwa Mbeya walikuwa wanatafuta kitu tumboni mwangu, wakakitafuta palepale. Walikiona. Kilikuwa kwenye kifuko cha mayai, upande wa kushoto, kikubwa kama chungwa, kimekaa kimya. Hakikuwa kimeniuma hata siku moja. Mguu ndio uliopiga kelele kwa niaba yake.

Daktari alisema kimewahiwa, lakini si kwa mbali. Ningengoja mvua zianze, angekuwa anazungumza maneno mengine.

Gari la wagonjwa lilinirudisha Mbeya, kwa yule dada mwenye miwani ya plasta, maana ndiye aliyekuwa na habari zangu zote. Tulipita Igawa bila kusimama. Nilifumba macho, sikutaka kuona uwanja wetu.

Nilipasuliwa upepo wa Agosti ukiwa unavuma, nikaanza dripu za dawa ya saratani jua la Oktoba likiwa kali. Sijui niseme nini juu ya dripu. Wapo wanaosema zinachosha. Mimi zilinipiga. Kila moja ilikuja kama mtu mwenye rungu anayejua unapokaa. Siku mbili za kwanza anakuacha udhani amekusamehe, ya tatu anaanza: tumbo, mifupa, kinywa kinachubuka mpaka uji ni moto hata ukipoa. Nywele zilitoka kwa mafungu nikioga. Kucha zikawa nyeusi. Miguu ikafa ganzi, nikawa natembea kama nimeiazima. Siku moja nilipiga sahani ukutani kwa sababu ilinuka wali, harufu iliyonilisha maisha yangu yote. Upendo aliokota vipande, nikalia kwa ajili ya mgongo wake mdogo ulioinama pale.

Na ndani ya nyumba kulikuwa na vita nyingine. Stani alilala mahabusu, akatoka kwa dhamana. Mkono wa mzee ulifungwa plasta ngumu, na jicho lake moja lilivuja damu kwa ndani, likabaki na ukungu. Pua ya mume wangu ilipona imepinda. Hakutaka kusikia Kihehe ndani ya nyumba yake. Siku kaka alipopiga simu, aliichukua simu yangu akaitupa kwenye ndoo ya maji.

"Chagua," aliniambia. "Watu wako au sisi."

"Baba Upendo, mimi nimekatwa ya kutosha mwaka huu," nikamjibu. "Ukinikata na wewe, nitagawanyika vipande vingapi?"

Akaitoa simu kwenye ndoo, akaifuta kwa shati lake. Haikuwaka tena.

Baada ya dripu ya nne nilisema basi. Zilikuwa zimebaki mbili, daktari alisema hizo ndizo zinazofagia kilichobaki, na bila hizo anaogopa kitarudi. Nilimwambia mume wangu sirudi Mbeya. Hela ya mpunga ilikuwa imeisha, lakini hela nimeitaja kama kisingizio. Ukweli nilikuwa nimechoka kupigwa. Niliona ni afadhali nife nikiwa nimekaa uani kwangu kuliko kuipelekea fimbo mgongo wangu mwenyewe kwa nauli yangu. Mume wangu alibembeleza, akakasirika, akabembeleza tena. Mchungaji alikuja. Nilimpa kiti na nikamwambia hapana. Tarehe ya dripu ya tano ilikuwa Alhamisi, na Jumatatu yake nilikuwa bado nasema hapana.

Jumatatu hiyohiyo ndugu zangu walikuja na mshenga, yule mzee aliyesimamia ndoa yetu. Walikuja na ng'ombe, dume jeusi lililonona, Stani amelichagua mwenyewe, akilivuta kwa kamba kutoka barabarani akiwa peku. Kikao kilikaa uani. Baba mkwe alikaa kwenye kiti chake, amelipa jiko mgongo, kwa sababu alijua mimi niko jikoni. Mimi nilikaa nyuma ya ukuta wa jikoni, kichwa kipara kimefungwa kitambaa, nikisikia kila kitu.

Stani alipiga magoti. Alisema alifanya ya kinyama, na hasira ni hasara, na kesi iende inakokwenda hataikimbia. Mzee akamwambia anyanyuke, anamchafulia uwanja. Ilionekana yataisha. Kisha mshenga akaharibu, kwa nia njema kabisa.

"Mkwe, kuna neno dogo," alisema. "Huko nyumbani bado kuna shangazi wawili watatu wanaonong'ona. Na wazee wa hapa wametuambia, ng'ombe akitolewa, mwiko unaweza kufunguliwa. Ng'ombe ndiyo huyu. Mtoto wetu yupo jikoni. Ageuke tu baba, amtazame mara moja mbele yetu, vinywa vifungwe."

Nilisikia mume wangu akivuta pumzi kupitia ile pua yake iliyopinda.

"Fimbo hazikunifumbua macho," mzee alisema. "Ng'ombe ndiye atanifumbua?"

Akaendelea, bado amelipa jiko mgongo.

"Yule ni mke wa mwanangu. Heshima yake siiuzi, si kwa kipigo, si kwa nyama. Mashangazi waendelee kunong'ona, wana meno yao. Ng'ombe msimchinje. Wewe mwenye bucha, unajua bei. Muuze leo. Mama Upendo ana dripu Alhamisi, na nyingine baada ya hiyo. Nasikia amechoka. Mwambieni mimi pia nilichoka, siku ile, nikiwa chini. Lakini sikuuachia mkono."

Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la mkaa. Nilijishika mdomo, haikusaidia, kilio kilitoka na kila mtu uani alikisikia. Nililia mpaka kikaisha chenyewe. Kisha nikajifuta, nikamwita mume wangu kwa sauti ya kuvuka ukuta.

"Baba Upendo, mwambie baba nitaenda."

Mume wangu aligeuka kumpelekea baba yake ujumbe, kama ilivyokuwa siku zote. Mzee akamnyamazisha kwa ule mkono uliovunjwa. Hakugeuka. Alikuwa anaangalia barabara, malori yakipita.

"Nenda, mwanangu," akasema.

Alinijibu mimi mwenyewe. Wazee wote pale uani wakainamisha vichwa, na mimi nikasimama nikaanza kutafuta nguo za kwenda Mbeya.